Ufa wa Usoni, Kisa cha Mgongoni

Mzee alikuja na sarafu ya shilingi mia mbili, basi. Akavua makubadhi kwenye kizingiti cha banda, akalizunguka gari mara moja bila kusema neno, kisha akaanza kuligonga kwa ukingo wa ile sarafu, ko, ko, ko, kutoka puani kwenda mkiani, sikio kalitega kama mnunuzi wa fenesi. Alipofika kwenye madigadi ya kushoto mlio ukabadilika. Ko, ko, bu. Akarudi nyuma kidogo. Bu. Bu.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa pana mtu kaficha kitu."

Mimi si fundi. Nafundisha kemia katika sekondari moja ya hapa Tanga, kwangu ni Chumbageni, na gari lenyewe limekaa uani chini ya banda la makuti, kati ya pipa la maji na mbuzi wa jirani. Ni Lotus Elan ya mwaka 1965, ya watu wawili, fupi kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne akisimama kando yake anachungulia ndani bila kujinyoosha. Msemo wa mji wetu ni "waja leo, waondoka leo". Gari hili lilikuja likakaa.

Babu yangu alikuwa msaidizi wa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Mkonge ndio uliotulea: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 nusu ya mkoa ukavaa kijani cha kijivu. Meneja mmoja wa Kiingereza aliiteremsha Elan hii melini. Gari la kukimbilia kwenye lami ya kwao, kulileta kwenye vumbi jekundu la Muheza, ni akili ya mtu aliyezoea kuoshewa vitu vyake. Alikuwa akiliendesha Jumapili, kwenda Raskazone kuogelea na kurudi. Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967 akafungasha, na gari likabaki kwa babu, fidia ya deni ambalo kila mtu nyumbani kwetu analisimulia kwa namna yake. Babu akamwachia baba. Baba akaniachia mimi, likiwa limekaa juu ya matofali, na ufunguo umefungwa kwa uzi kwenye usukani.

Swali la kwanza la kila anayeingia uani ni hili: mbona halijaoza? Haki yao kuuliza. Hapa kwetu bahari inakula chuma usiku na mchana. Geti langu la bati nimelibadilisha mara mbili tangu nioe. Lakini bodi ya Elan haina bati. Ni faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini ya poliesta, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, kitu kile kile wanachotengenezea boti na matangi. Sababu yake ilikuwa pesa. Kukandamiza bati liwe madigadi kunataka kalibu za chuma na mashine za kutisha, na gharama hiyo hairudi mpaka uuze magari maelfu kwa maelfu. Faiba inataka kalibu moja ya kulazia, brashi, na watu wenye subira. Wamarekani walifungua njia kwa Chevrolet Corvette ya mwaka 1953. Lotus wakaonyesha Elite yao mwaka 1957, gari ambalo hata mifupa yake ilikuwa faiba, kisha mwaka 1962 ikaja Elan, ambayo ni bodi ya faiba iliyovishwa juu ya uti wa mgongo wa chuma. Aliyesimamia usanifu wake ni Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye baadaye alibuni Workmate, ile meza ya fundi inayokunjika. Gari zima halikufika kilo 700.

Siku tuliyotenganisha bodi na chasisi tulikuwa watu saba. Tulifungua bolti, tukainyanyua mabegani, tukawa tunaipitisha kwenye uchochoro ili tuzunguke nayo hadi uani. Mpita njia mmoja, mtu mzima, akaja mbio akatia bega, midomo inamcheza kwa dua. Alidhani ni mazishi. Alipotazama vizuri alichobeba hakukiacha. Alitufikisha hadi bandani, akanywa maji, akaaga.

Chasisi ndiyo iliyooza, maana ile ni chuma. Boriti yake ya mbele ina uwazi ndani, na uwazi huo ndio tangi la ombwe linaloinua taa za mbele. Yangu imetoboka kama chujio la tui, na taa zimesinzia tangu hajazaliwa mtoto wangu wa kwanza. Hayo tuyaache. Leo ni bodi.

Kabla ya Mzee nilikwishafanya kosa ambalo wengi hulifanya, la kudhani fundi bodi ni fundi bodi. Baada ya baba kufariki niliipeleka kwenye karakana moja mjini, watu wenye sifa, wanaonyoosha bati mpaka linarudi kama siku ya kwanza. Walinirudishia gari jekundu linalong'aa kama ganda jekundu la ndani la kungumanga. Miaka miwili haikuisha, nyufa zikarudi. Zilirudi pale pale zilipokuwa, kwa umbo lile lile la utando wa buibui, kama vile zilikwenda likizo.

Bati likigongwa hubonyea, na likibonyea unaona. Faiba haibonyei. Ama inajikunja na kurudi, ama inavunjika, na mara nyingi inafanya yote mawili kwa pamoja: uso unarudi mahali pake ukiwa mzima, ndani nyuzi zimekatika au safu zimeachana. Ngozi yake ya nje, jelikoti, ni rezini tupu isiyo na nyuzi, ngumu na isiyopenda kukunjwa. Jiwe likirushwa na tairi likapiga upande wa ndani wa madigadi, ngozi ya nje ndiyo inayopasuka, nyufa zikatawanyika kama miale ya jua katika mchoro wa mtoto. Kila utando una kitovu chake, na ukisimama mbele ya kitovu unajua kilichotokea nyuma. Ukipaka puti juu yake umemfunga bandeji mtu aliyevunjika mfupa.

Mzee alilisema kwa kifupi zaidi, akiwa kalala chali chini ya madigadi na tochi ya simu mkononi. "Ufa wa usoni, kisa chake mgongoni."

Yeye ni fundi wa boti, Sahare. Miaka yake ya ujana alijenga ngalawa na mashua za mbao, kisha boti za faiba zilipoingia hakununa, akajifunza. Nilimfuata kwa sababu nilichoka kuuliza watu wa magari. Nilipomwambia ni gari, alicheka. Nilipomwambia ni faiba, akauliza unene. Alivyouliza unene kabla ya kuuliza aina, nikajua nimefika.

Basi tukaanza kuvua rangi. Hapa ninyi mnaotaka kujaribu nyumbani naomba mnisikilize, kwa kuwa mtu wa duka atakuuzia ile dawa ya kutolea rangi kwenye magari ya bati, unapaka, rangi inavimba, unakwangua. Usiitie kwenye faiba. Dawa ile inalainisha rangi kwa sababu ni kiyeyusho kikali, na haijui rangi inaishia wapi; ikimaliza rangi inahamia kwenye poliesta yenyewe, inakaa ndani, na miezi baadaye rangi yako mpya inaota malengelenge. Mchanga wa kupuliza nao ni balaa, unatoboa jelikoti. Kilichobaki ni wembe wa kukwangulia ulioshikwa kwa kulala, na msasa. Ilinichukua wiki saba, jioni baada ya kusahihisha madaftari na Jumamosi nzima. Nyekundu ya karakana ilitoka kwa vipande vikubwa, dalili kwamba hawakupiga msasa vya kutosha kabla ya kupuliza. Chini yake nyeupe, ya baba. Chini ya nyeupe, kijani kilichokolea, cha siku za meneja. Mke wangu aliokota kipande chenye rangi zote tatu, akakiweka kwenye kabati la vyombo. Hakutoa maelezo, sikuuliza.

Vumbi lake sasa. Mtu aliyelelewa pwani anaujua upupu. Vumbi la faiba ni upupu uliosoma. Linaingia kwenye kiwiko, kwenye shingo, kwenye mkanda wa suruali, na ukijikuna ndio unalipigilia misumari. Mwanzoni nilioga maji ya moto nikidhani ndiyo usafi, nikakesha. Mzee aliniambia maji baridi, kwanza bila kusugua, na kabla ya kazi ujipake poda ya mtoto mikononi na shingoni ili vinyweleo vizibwe. Mikono mirefu, glovu, miwani. Barakoa nayo iwe ya maana, maana leso ya kufunga puani haizuii kitu. Mbuzi wa jirani walihamishwa kwa heshima zote.

Tukafika kwenye madigadi ya kushoto, pale pa "bu". Chini ya rangi palikuwa na puti, unene wa kidole changu cha shahada. Puti nene namna hiyo si matengenezo, ni uchongaji wa sanamu. Ndani ya puti wakawa wameweka wavu wa chuma, na ule wavu wameufunga kwenye bodi kwa skrubu. Skrubu za chuma, Tanga. Zilikuwa zimegeuka unga wa kutu, na kila tundu la skrubu limekuwa mfereji wa maji. Nilipokwangua zaidi ikatokea kitu cha kahawia, nyuzi nyuzi, ndefu, zimelala sambamba kama nywele zilizochanwa. Si faiba. Nikazivuta, nikanusa. Harufu ya gunia lililonyeshewa.

Nikamwita mama. Alikuja polepole na fimbo yake, akainama, akagusa.

"Katani hiyo," akasema. "Baba'ko huyo."

Ilikuwa 1984. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka, sabuni kwa foleni, sukari kwa kadi ya kaya, na mtu akionekana na vitenge viwili anaulizwa kavipata wapi. Baba aligonga nguzo ya lango, madigadi yakapasuka kipande cha ukubwa wa sinia. Rezini aliipata kwa mvuvi mmoja aliyekuwa na mabaki ya kukarabatia boti. Mkeka wa faiba, yaani zile nyuzi za kioo zilizotandazwa kama kitambaa, hakuupata popote. Ila katani, kwenye mkoa wa katani, hiyo ilikuwepo. "Aliichambua hapo barazani," mama akaendelea, "na mimi nikawa namchania kwa kitana changu. Kitana kikavunjika meno. Akaniahidi kingine." Akanyamaza kidogo. "Kafa nacho deni."

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, na si kwa huzuni. Ni kazi yangu kufikiri kuhusu vitu vinavyoshikana na visivyoshikana. Uzi wa katani ni imara, ndiyo maana dunia nzima ilifungia nayo mizigo. Ubaya wake ni kwamba unakunywa maji, na ukinywa unavimba, ukivimba unaachana na rezini iliyoushika. Uzi wa kioo haunywi. Lakini baba alijua, au alihisi, kwa sababu alikuwa amezamisha katani yake ndani kabisa ya rezini na kuifunika pande zote mbili. Mahali ambapo skrubu hazikufika, kiraka chake kilikuwa bado kigumu, kikavu, kinalia ko. Nilikata kipande nikakibana kwenye vaisi nikakipinda, kilisumbua. Kwenye matundu ya skrubu tu ndiko kulikooza, na kutoka matundu hayo uozo ukatambaa kufuata urefu wa nyuzi, kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Miaka karibu thelathini kilidumu chini ya mikono ya mtu aliyeshona kwa kilichopo. Waliokuwa na kila kitu dukani wakakiua kwa skrubu kumi na moja. Nilizihesabu.

Nilikikata chote hata hivyo. Wapo watakaosema ningekiacha kwa kumbukumbu. Kamba iliyolowa ndani ya bodi ni kamba iliyolowa, hata kama mama yako ndiye aliyeichana.

Kuziba tundu la ukubwa wa sinia ndiko kulikonifundisha kwamba nilikuwa naijua kemia ya ubaoni. Poliesta ya zamani imekwishakufa, kwa maana kwamba haina tena mikono ya kushikana na rezini mpya. Rezini mpya itashika kwa kucha tu, kwenye mikwaruzo utakayoitengeneza wewe. Kwa hiyo hutoi kiraka kama cha suruali, kipande juu ya kipande. Unasaga kingo za tundu zitelemke taratibu, na kipimo ambacho mafundi wa boti wengi wanakitumia ni milimita 12 za mtelemko kwa kila milimita moja ya unene. Bodi yangu pale ina milimita tatu. Basi mtelemko milimita 36, vidole viwili vya Mzee, na ndivyo alivyopima, kwa vidole. Grenda yenye msasa namba 40, kisha brashi kavu, kisha kitambaa chenye asetoni, na baada ya hapo hugusi kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja ni mafuta.

Kwa upande wa nje tulihitaji kitu cha kuegemea ili umbo lisipotee. Mzee alileta kipande cha fomaika kutoka kwenye meza iliyokufa, akakipinda kufuata mviringo wa madigadi, akakipaka nta ya kung'arishia sakafu tabaka tatu, na penye maungio akabandika ile selotepu pana ya kufungia maboksi. Poliesta haiishiki selotepu hiyo. Vitu vya duka la rejareja vyote. Nilikuwa nimekwishaanza kuandika barua pepe kuulizia vifaa maalumu kutoka Uingereza, nikaifuta.

Mkeka wa faiba tuliotumia ni ule wa gramu 450 kwa mita ya mraba, ambao safu yake moja ikilala vizuri inakupa kama milimita moja. Mgeni wa kazi hii anapenda rezini nyingi, akidhani nguvu iko huko. Nguvu iko kwenye nyuzi. Rezini kazi yake ni kuzishika zisiachane, na ikizidi unapata kitu kinachokatika kama kashata. Kwa mkono, gramu 100 za mkeka zinataka rezini gramu 200 hadi 250. Nilitumia mizani ya jikoni, jambo lililozua mazungumzo. Mkeka mkavu ni mgumu, haukubali kona. Ukiulowesha unasubiri dakika moja, na ghafla unalegea kama mkate wa maji uliochovywa kwenye chai. Ile gundi inayozishika nyuzi pamoja inayeyuka kwenye stairini iliyomo ndani ya rezini. Hapo ndipo unapita na rola, unatoa hewa, mpaka weupe wote utoweke na uone kupitia. Weupe unaobaki ni hewa, na hewa itakuja kulia bu.

Safu ya kwanza Mzee huweka kubwa, inayofunika mtelemko wote, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi. Nimesoma wengine hufanya kinyume. Sababu ya Mzee ni kwamba safu ya kwanza ndiyo inayoshika mwili wa zamani, na hataki ishike nusu.

Aibu yangu ilikuwa siku ya pili. Mzee alikuwa na msiba, nikaona nisipoteze Jumamosi. Nilichanganya kilo nzima ya rezini ndani ya ndoo saa saba mchana, Januari, kaskazi inapuliza moto. Hadina, ambayo ni peroksaidi ya kuigandisha rezini, nilitia asilimia mbili kama maelekezo yalivyosema, na maelekezo yale yaliandikwa na mtu anayeishi kwenye nyuzi joto 20. Bandani mwangu zilikuwa 33. Mwitikio huu unatoa joto, joto linaharakisha mwitikio, mwitikio unatoa joto zaidi; nimeufundisha kwa chaki miaka ishirini na mbili. Kabla sijalaza safu ya pili, ndoo ilianza kutoa moshi. Rezini ikaganda kama ute wa yai, ikapasuka kwa mlio, kitako cha ndoo kikalainika na kuzama pembeni. Nikaisukumia mchangani kwa ufagio. Wanafunzi wangu wawili waliokuwa wamekuja kusaidia walitazamana. Jumatatu darasa zima lilikuwa linajua.

"Changanya kikombe," Mzee aliniambia aliporudi. "Na alfajiri." Tangu hapo ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gramu 200 kwa mkupuo, hadina asilimia moja, na mara tu ikichanganyika unaimwaga itandae, kwa kuwa ikitandaa joto lina pa kwenda. Zipo tahadhari mbili ambazo sifanyii mzaha. Peroksaidi ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha, basi miwani kabla ya kufungua chupa. Na kama rezini yako haikutiwa kichapuzi kiwandani ukapewa kobalti kwa chupa ya pembeni, kobalti na hadina zisikutane kabisa zenyewe kwa zenyewe, hata tone. Hulipuka. Moja koroga kwenye rezini mpaka ipotee, ndipo uje na nyingine.

Milango ilikuwa kazi ndogo kuliko nilivyoogopa. Ni mizito kwa bawaba zake, imevuta nyuma yake ikafanya nyufa mbili kila upande. Tukajenga safu mbili kwa ndani, tukasaga ufa kwa nje mpaka ulipoishia, tukafunika. Zile roda za chuma zilizozikwa ndani ya faiba, ambamo bolti za bodi hupita, tatu zilikuwa zinacheza kama jino la mtoto. Hizo nilizipandikiza upya kwa epoksi, ambayo inashika chuma kuliko poliesta. Boneti haikuwa na neno.

Halafu masika ikaingia. Mkeka wa faiba ukipata unyevu hautakuambia, utakunyima tu, kwa hiyo ulihamia chumbani ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati, na mke wangu alilala miezi miwili na harufu ya stairini akinikumbusha kwamba mahari yake haikutaja mambo hayo. Bandani bodi ilikaa bila kuguswa. Ilikuwa kheri. Poliesta inapokauka inasinyaa, kwa ujazo kama asilimia 5 hadi 8, na haisinyai yote siku moja. Ukiharakisha rangi, miezi baadaye jua la mchana litachora nyuzi za mkeka juu ya rangi yako, na rangi ya giza ndiyo inayosengenya zaidi. Watu wa nchi za baridi hukodi vyumba vya joto kukausha bodi. Mimi mawingu yalipoondoka nikaisukuma nje, nikaiacha ikae juani kama dagaa, wiki nne, nikiigeuza.

Baada ya hapo msasa, puti nyembamba kama karatasi pale inapostahili, msasa tena kwa kibao kirefu, na macho yamefumbwa. Sifanyi utani. Kiganja kinaona bonde ambalo jicho halilioni. Unakipitisha wazi, polepole, kutoka nyuma kwenda mbele. Mama alikuwa akija saa ya alasiri kukaa kwenye kigoda, naye akawa na desturi ya kupitisha mkono kwenye yale madigadi ya kushoto. Siku moja aliniletea kitana kipya cha plastiki, bado kimo ndani ya nailoni yake. Akasema nikichana nyuzi nyingine nisikope cha mke wangu.

Mwisho wa Agosti nilipuliza praima ya kijivu. Kompresa ya kuazima, asubuhi isiyo na upepo, sakafu imenyunyiziwa maji vumbi lisiruke. Bodi ikawa rangi moja kwa mara ya kwanza tangu niijue. Niliipiga picha, nikaituma kwa ndugu wote, hata wa Muscat. Kisha nikampigia Mzee, aje aone. Nilikuwa nimenunua halua.

Alikuja baada ya swala ya alasiri. Nikamwamkia, akaitikia, akavua makubadhi, akazunguka mara moja. Hakusifu rangi. Akatia mkono mfukoni.

Ko, ko, ko. Madigadi ya kushoto, pote, ko. Mlango, ko. Nikaanza kutabasamu. Akafika ubavuni nyuma, upande wa kulia, mahali ambapo hapakuwa na ufa, hapakuwa na utando, hapakuwa na kiraka cha mtu yeyote, mahali nilipopiga msasa tu nikapita kwa sababu palikuwa pazuri. Ko, ko, bu. Akarudi. Akazungusha sarafu taratibu kama anayechora mpaka wa shamba, na kwa kucha ya kidole gumba akaweka alama nne kwenye praima yangu. Ukubwa wa kiganja na nusu.

"Pazuri hapa," nikasema. "Hapajaguswa."

"Ndiyo," akasema. "Hapajaguswa."

Akajikata kipande cha halua, akakaa kwenye kigoda cha mama. Nikaenda kuchukua grenda.